Mashine Iulize, Sisi Tujibu

Kiswahili sanifu kina maneno mawili kwa jambo ambalo sisi wa Lubumbashi mara nyingi tunaliita kwa neno la Kifaransa tu, entretien. La kwanza ni usaili, kutokana na kitenzi saili, ndugu wa neno swali. Yote mawili yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kuuliza. La pili ni mahojiano. Tulikate kama tunavyokata maneno darasani: ma-hoji-an-o. Kiambishi -an- ni kile kile cha pendana na saidiana, watu wawili wanatendeana. Katika usaili mmoja anauliza na mwingine anaulizwa. Katika mahojiano watu wanahojiana.

Nimeanza na mofolojia kwa sababu itatusaidia kuelewa jambo linalofanyika sasa katika vyumba vyetu vya kulala na chini ya miti ya chuo. Wanafunzi wanaokaribia kumaliza wanajiandaa kwa mahojiano ya kazi kwa kuzungumza na programu za akili bandia kwenye simu: ChatGPT, Gemini, Claude na nyinginezo. Mimi pia nimefanya hivyo mwaka huu pamoja na wenzangu kadhaa. Nimeona kwamba programu hizi ni wauliza-maswali wazuri sana, na ni waandishi wabaya wa majibu yetu. Sababu zake ni za kiisimu, na wanafunzi wa kitivo hiki wana haki ya kuzijua kabla ya kukaa mbele ya watu watatu wenye karatasi mezani.

Kanuni ambazo hakuna anayezisema

Mwanaisimu John Gumperz, katika kitabu chake Discourse Strategies cha mwaka 1982, anasimulia habari za wanawake kutoka India na Pakistani waliokuwa wakigawa chakula katika mkahawa wa wafanyakazi kwenye uwanja wa ndege wa Heathrow, London. Walipomuuliza mtu kama anataka mchuzi, walilitamka neno hilo moja kwa sauti inayoshuka, wakati Waingereza walizoea kulisikia kwa sauti inayopanda. Kwa wanawake wale hiyo ilikuwa njia ya kawaida ya kuuliza. Walioulizwa walisikia ukali na ujeuri. Hakuna aliyekosea sarufi. Walipishana katika kanuni ambazo hazikuandikwa popote.

Mwaka 2006 Celia Roberts na Sarah Campbell walitoa ripoti juu ya mahojiano ya kazi nchini Uingereza, wakitumia mahojiano halisi yaliyorekodiwa. Walionyesha kwamba waombaji waliozaliwa nje ya nchi hiyo walipoteza nafasi hata pale Kiingereza chao kilipokuwa kizuri. Kilichowaangusha ni kutojua aina ya masimulizi ambayo waulizaji waliyangojea: kisa kifupi, kilichopangwa, ambacho msimulizi anaonekana ndani yake akifanya jambo na kutoa funzo.

Tulete habari hii kwetu. Swali la kwanza katika mahojiano mengi ni: “Jitambulishe kwa kifupi.” Mwanafunzi wa Kongo amejaza fomu tangu shule ya msingi, na fomu zetu zinaanza na jina la baba, jina la mama, kijiji, jimbo la asili. Basi anajibu kama fomu: “Naitwa fulani, mtoto wa tatu katika familia ya watoto saba, baba yangu anatoka…” Anasema kweli, kwa adabu na kwa mpangilio. Lakini aliyeuliza alitaka kusikia kwa nini mtu huyu anaifaa kazi hii. Wale waliosoma pragmatiki watakumbuka kanuni nne za H. P. Grice, za mwaka 1975: kiasi, ubora, uhusiano na namna. Mwombaji wetu hakuvunja kanuni ya ubora hata kidogo. Ameteleza katika uhusiano, kwa kuwa hakuambiwa swali lile linahusiana na nini.

Nani humwambia? Hapa kwetu, ukisema umepata kazi, swali linalofuata ni: “Ulikuwa na mtu?” Kwa kawaida tunamfikiria huyo “mtu” kama anayesukuma faili. Lakini anatoa msaada mwingine usiotajwa sana. Kijana mwenye baba mdogo au shangazi katika ofisi amesikia tangu utoto, wakati wa kula, namna watu wanavyoulizwa, wanavyojibu, na kwa nini fulani alikataliwa. Amefanya mazoezi bila kujua kwamba anafanya mazoezi. Mtoto wa mkulima au wa mama anayeuza sokoni hakuyapata. Programu ya mazungumzo haiwezi kusukuma faili la mtu. Inaweza kumpa huyu wa pili sehemu ya yale mazungumzo ya mezani, na kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuitumia.

Kuuliza ni rahisi kuliko kujibu

Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, wa chuo cha MIT nchini Marekani, alichapisha maelezo ya programu aliyoiita ELIZA. Ilimwiga mganga wa nafsi. Ukiiandikia kwamba una huzuni, ilichukua maneno yako, ikayageuza na kukurudishia kama swali. Haikuelewa chochote, na kanuni zake zilikuwa chache. Hata hivyo watu waliifungulia mioyo, jambo lililomshangaza mtengenezaji mwenyewe. Somo la ELIZA kwa wanaisimu ni hili: ili kuuliza swali linalomfanya mtu aseme, si lazima umjue. Ili kujibu badala yake, ni lazima.

Programu za leo ni kubwa na hodari kuliko ELIZA kwa mbali sana. Msingi wao ni modeli ya lugha iliyofunzwa kwa maandishi mengi mno kukisia kipande cha neno kinachofuata, kisha kingine, kisha kingine. Baadaye modeli hiyo hurekebishwa ili majibu yake yawapendeze na kuwasaidia watu. Kwa hiyo ukiiomba ikuandikie jibu la “Kwa nini unataka kazi hii?” bila kuipa habari zako, itakupa jibu linalofanana na majibu mengi yaliyokwisha kuandikwa duniani. Litasema kwamba wewe ni mtu mwenye bidii, unapenda kazi ya pamoja, unajifunza haraka, na unavutiwa na maono ya shirika.

Hakuna kosa katika jibu hilo. Tatizo lake ni kwamba linaweza kuwa la mtu yeyote. Waombaji watano wa kitivo kimoja wakiomba nafasi moja na kutumia njia moja, jopo litasikia jibu moja mara tano, na wa tano atasikilizwa kwa uchovu. Halafu linakuja swali la pili, ambalo ndilo hasa linalofanya mahojiano yawe mahojiano: “Tupe mfano.” Hapo jibu la kuazima linakatika, kwa sababu nyuma yake hakuna siku, hakuna mahali, hakuna mtu.

Kiswahili cha nani?

Kuna hatari nyingine inayotuhusu sisi kuliko wanafunzi wa vitivo vingine. Modeli hizi zimejifunza Kiswahili kutoka katika maandishi, na maandishi mengi ya Kiswahili ni ya sanifu, kutoka Tanzania na Kenya. Kiswahili cha Lubumbashi, cha Kolwezi au cha Kalemie husemwa sana na huandikwa kidogo. Niliandikia programu moja sentensi ambayo mtu yeyote wa mjini kwetu angeielewa: “Nilitumika miaka mbili ku shule.” Ikaniuliza kwa upole nilitumiwa na nani na kwa ajili ya nini. Katika Kiswahili cha Katanga kutumika ni kufanya kazi. Msomaji wa Dar es Salaam kwanza ataona kalamu au gari vinavyotumika. Nilipoomba salamu ya kufungulia mahojiano, nikapewa shikamoo, salamu nzuri ya wenyewe, lakini ambayo huku kwetu husikii katika maamkizi ya kila siku. Sisi tunaonyesha heshima kwa njia nyingine, kama vile kumwambia mkubwa mmoja “Jambo yenu”, kwa wingi.

Jambo hili si la mapambo. Katiba yetu ya mwaka 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba kuwa lugha za taifa. Radio Okapi, iliyoanza mwaka 2002, hutangaza kwa Kifaransa na kwa lugha hizo nne. Mashirika ya misaada yanahitaji watu wa kutafsiri na kukusanya maneno ya wananchi. Katika kazi kama hizo mwombaji anaweza kuulizwa kwa Kifaransa, akapewa mtihani wa kuandika Kiswahili sanifu, kisha akatumwa mahali ambapo watu wanasema batoto na bantu. Anayeiachia programu “isahihishe” kila sentensi yake anaweza kufika mbele ya jopo akiwa ameficha ujuzi wenyewe unaotafutwa.

Mwanafunzi wa lugha za Kiafrika angefanya kinyume. Akiulizwa anawezaje kusaidia katika utafiti wa vijijini, aeleze mfano wa kutumika: dodoso lililoandikwa kwa Kiswahili cha pwani linaweza kueleweka vingine Katanga, na yeye anajua kulipitia kabla halijaharibu majibu ya watu. Jibu hilo limetoka katika masomo yake mwenyewe.

Namna ya kufanya mazoezi

Chukua tangazo halisi la kazi. Nakili maelezo ya kazi bila majina ya watu, kisha ipe programu agizo lililo wazi. Hili ndilo tunalotumia sisi: “Wewe ni jopo la watu watatu mjini Lubumbashi. Tangazo la kazi ni hili. Niulize swali moja tu kwa wakati mmoja, kisha ungoje. Baada ya kila jibu, niulize swali la kufuatilia linalodai mfano. Usinisifu. Usiniandikie jibu.” Kama mahojiano yatakuwa kwa Kifaransa, toa agizo kwa Kifaransa na ujibu kwa Kifaransa. Mazoezi ya lugha moja hayahamii yenyewe katika lugha nyingine.

Jibu kwa mdomo kwanza. Programu ya maandishi inakungoja hata nusu saa. Binadamu hawangoji hivyo. Utafiti wa Tanya Stivers na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009, ulipima mazungumzo katika lugha 10 za mabara mbalimbali. Katika maswali ya ndiyo au hapana, wastani wa kimya kabla ya jibu ulikuwa karibu sehemu 2 kati ya 10 za sekunde. Maswali ya kazi yanaruhusu muda zaidi, lakini kimya kirefu kina maana yake machoni mwa anayesikiliza. Kwa hiyo jirekodi kwa simu ukijibu kwa dakika mbili, jisikilize, ndipo uandike muhtasari wa ulichosema ili programu iendelee kuuliza.

Chunga kiambishi cha nafsi. Tumelelewa kutojisifu, na mtu mwenye adabu husema “tulifanya” hata pale alipofanya mwenyewe. Jopo linasikia tu- na halijui wewe ulikuwa wapi katika kundi. Huhitaji kusema uongo ili kutumia ni-. Sema: “Tulikuwa wanne. Mimi nilirekodi na kunukuu masimulizi.” Programu ni hodari kukuonyesha kila mahali ulipojificha nyuma ya wingi, iombe ifanye hivyo. Mpangilio unaopendwa na waulizaji wengi una sehemu nne: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa nini, ulichukua hatua gani, matokeo yakawa nini.

Usiulize kama jibu lako ni zuri. Programu zilizorekebishwa ili ziwapendeze watu zina mwelekeo wa kukubaliana na anayeziuliza, na swali hilo linabeba jibu lake ndani. Uliza badala yake: “Ni sehemu gani ya jibu langu ambayo mjumbe wa jopo hataiamini, na kwa nini?” Linganisha utakachopata.

Andaa maswali yako. Hapa tunarudi kwenye -an-. Mwishoni jopo husema: “Je, una swali?” Anayejibu “Hapana, asante” amekubali kwamba ulikuwa usaili. Uliza mkataba ni wa muda gani, kipindi cha majaribio kikoje, kazi ya nje ya mji inafanyika kwa lugha gani, nani atakusimamia. Programu inaweza kukupa maswali ishirini. Chagua mawili ambayo kweli unataka kujua majibu yake.

Linda habari zako. Usiandike namba ya kadi ya mpiga kura, namba ya simu, majina ya mabosi wa zamani, wala siri za mahali ulipofanya staji. Unachoandika kinakwenda kwenye kompyuta za kampuni iliyo mbali, na kinaweza kutumika kuifunza programu hiyo. Na kama programu inakueleza habari za mwajiri, mwaka alioanza au miradi yake, zihakikishe mahali pengine. Huweza kubuni jambo kwa sauti ile ile inayosemea kweli.

Kuhusu mega na umeme, mazungumzo ya maandishi hula mega kidogo kuliko ya sauti. Sisi huomba maswali kumi na matano mtandao unapokuwa mzuri, tunayaandika daftarini, na umeme ukikatika tunaendelea kuulizana wenyewe.

Mfano kutoka kwa mwenzetu

Mwenzetu mmoja alikuwa akijiandaa kuomba kazi ya kukusanya takwimu. Programu ikamuuliza kama amewahi kufanya kazi na watu wasiotaka kujibu. Jibu lake la kwanza lilikuwa: “Ndiyo, mimi ni mvumilivu na ninajua kuzungumza na watu.” Lingeweza kuishia hapo, na kama angeomba jibu zuri zaidi angepewa sentensi hiyo hiyo ikiwa imevikwa nguo mpya. Programu, kwa kufuata agizo, ikadai: wapi? Ilikuwa siku gani? Walikataa kwa maneno gani? Ulifanya nini asubuhi iliyofuata?

Swali la tatu lilimkumbusha. Kwa ajili ya kazi yake ya masomo alikwenda sokoni wakati wa mvua kuandika majina ya uyoga kwa Kisanga na Kibemba. Wamama wauzaji walipoona daftari walinyamaza. Walidhani ametumwa na watu wa kodi. Siku iliyofuata akarudi bila daftari, akanunua uyoga kidogo, akakaa, akauliza namna ya kuupika. Kwa kuuliza upishi, majina yakaanza kutoka yenyewe, na mama mmoja akamwambia: “Leta ile daftari yako sasa, utasahau.” Siku ya tatu aliandika akiwa amekaa katikati yao.

Hicho ndicho kisa alichopeleka kwenye mahojiano. Kina hali, jukumu, hatua na matokeo, na jopo likitaka mfano zaidi anao. Programu haikujua lolote kuhusu soko lile, uyoga ule wala mama yule. Ilichofanya ni kuuliza mara tatu mahali ambapo sisi marafiki zake, kwa kumwonea haya, tungeuliza mara moja.

Upande wetu nao una kazi yake. Programu ya maandishi haioni kwamba unatazama chini unapotaja mshahara, kwamba unacheka ukiwa na hofu, au kwamba umeingia bila kungoja kuambiwa uketi. Kwa hiyo nawapendekezea wanafunzi wenzangu, na walimu watakaotaka kutusaidia, zoezi la Jumamosi: watu wanne, simu moja, tangazo moja la kazi. Mmoja anajibu. Mmoja anasoma maswali ya programu kwa sauti kama mjumbe wa jopo. Wa tatu anaandika kila tu- iliyopaswa kuwa ni-. Wa nne anatazama uso na mikono. Baada ya robo saa, badilishaneni nafasi. Atakayekuja mara ya kwanza alete tangazo alilolikata gazetini au kulipiga picha ukutani, na kisa kimoja cha kweli kutoka katika maisha yake, hata kama anadhani ni kidogo mno kusimuliwa.